Ndoo ya Aiskrimu: Siku Kumi kwa Bibi wa Iowa

Nimerudi Morogoro wiki tatu sasa na bado naamka saa tisa usiku nikiwa na njaa ya mchana. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari lililomwagikiwa mchuzi upande mmoja, picha mia nne na ushei za simu, na risiti nilizokuwa nazikunja kwenye pochi.

Mdogo wangu wa kiume ameoa Iowa, Marekani, mwaka wa tisa huu, na wana watoto wawili. Mama yetu yuko Iringa, magoti hayamruhusu tena safari ndefu. Bibi wa pili wa watoto hao, yaani mama mzaa chema wa mdogo wangu, ni mke wa mkulima kusini-mashariki mwa jimbo hilo na hajawahi kupanda ndege maishani. Wabibi wawili wenye wajukuu walewale, hawajawahi kuonana. Mwaka jana Mama akaniambia, "Nenda wewe. Kamwone huyo mama anayenilelea wajukuu. Mwangalie mikono, halafu uje uniambie."

Kabla

Viza ya kutembelea nilipoomba ilikuwa dola 185, na hazirudi hata ukinyimwa. Kwa bei niliyonunulia dola, ilipita kidogo shilingi 500,000. Nauli ya ndege alilipa mdogo wangu; hakunitajia kiasi, nami sikumuuliza.

Mama alifunga mwenyewe sanduku la zawadi: vitenge doti mbili, chai ya Mufindi, na dagaa wa Nyasa waliofungwa karatasi tatu ili wasimwaibishe.

Kwa atakayepita: ukifika kule mtajie afisa wa forodha kila chakula ulichobeba, hata kama ni pakiti ya majani ya chai. Nyama na matunda mabichi hayapiti. Ukitaja chakula na kikakataliwa, kinatupwa tu na unaendelea na safari. Ukificha, unatozwa faini.

Alhamisi, 3 Oktoba: Chicago

Ndege mbili, karibu saa ishirini na nne ukijumlisha kusubiri. Mimi nikafika, sanduku la Mama likabaki njiani. Nilijaza fomu, nikapewa namba na tabasamu. Nikatoka na begi la mgongoni, nguo moja ya kubadili, na aibu ya kwenda ukweni mikono mitupu.

Kutoka uwanja wa O'Hare usichukue teksi kama huna mizigo. Treni ya mjini, ile ya mstari wa buluu, nililipa dola 5 na inakushusha kituo cha Clinton, hatua chache kutoka stesheni kuu ya Union. Nililala kwa binti wa jirani yetu wa zamani, aliyenipikia wali maharage saa nne usiku akiwa bado na sare za kazini.

Ijumaa, 4 Oktoba: treni

Tiketi ya Chicago hadi Ottumwa nilipata kwa dola 58. Treni inaondoka saa nane mchana na inaendelea hadi California. Wengine walikuwa na mito na mablanketi, mimi ni wa saa tano tu. Karibu nami alikaa mama wa Kiamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, kofia nyeupe ya kitambaa na gauni la buluu lisilo na kifungo hata kimoja, kwa pini tupu. Wao hawaendeshi magari, hivyo treni ndiyo basi lao. Alinitazama nikila karanga, akafungua kikapu, akanipa kipande cha mkate kilichopakwa rojo la matufaha. Hatukuongea zaidi ya maneno kumi. Kiingereza kilikuwa cha kuazima kwa wote wawili, yeye na binti yake walizungumza Kijerumani chao cha nyumbani.

Mto Mississippi tuliuvuka pale Burlington, jua likiwa chini. Nilitarajia maji ya kutisha. Niliona maji mapana ya rangi ya chai ya rangi, na majahazi ya chuma yaliyofungwa pamoja kama mabehewa, yakisukumwa na boti moja. Ukishavuka umeingia Iowa, na kuanzia hapo dirishani ni mahindi makavu. Baada ya hapo soya. Baada ya hapo mahindi tena.

Ottumwa tulifika saa moja na robo usiku. Nilitegemea kumwona mdogo wangu. Akaja mwanamke wa miaka 74, mwembamba, nywele fupi nyeupe, jaketi la mwanaume, anatembea kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Akasema neno alilofundishwa na wajukuu: "Karibu." Nikajikuta naamkia: "Shikamoo, Mama." Akasita, akakumbuka, akajibu "Marahaba!" kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la mtihani. Akaniambia kwamba mwanawe na mzee wapo shambani, mdogo wangu atakuja Jumapili kutoka Des Moines, na yeye ndiye aliyekuwa na nafasi. Akanyanyua begi langu kabla sijaligusa, akalirusha nyuma ya pikapu.

Kutoka hapo ni dakika arobaini. Barabara zao za vijijini zimekatwa kama daftari la hesabu: kila maili moja kuna njia panda, zote za changarawe, zote zimenyooka. Kila gari tuliyopishana nayo, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, naye akajibu vivyo hivyo. Nikamuuliza kama anawajua wote. Akasema usiku hawajui, ila wao wanalijua gari lake.

Jumamosi, 5 Oktoba: jikoni na shambani

Saa kumi na nusu alfajiri nilisikia sufuria. Nikavaa, nikashuka, nikakuta ameshamenya viazi.

Jifunzeni hili mapema. Darasani tulifundishwa kuwa "dinner" ni chakula cha jioni. Nyumba hii "dinner" ni cha saa sita mchana na ndicho kizito. Mimi nilikunywa kahawa tu asubuhi nikijitunza, nusura nizirai. Kahawa yenyewe ni nyepesi, unaona kitako cha kikombe.

Oktoba ni mavuno, na wakati wa mavuno wanaume hawarudi nyumbani kula. Chakula kinawafuata. Alipika cha watu sita: mzee, mwanawe, mkwe mwingine, jirani anayeendesha lori la nafaka, na sisi wawili. Nyama ya ng'ombe iliyookwa taratibu tangu usiku, viazi vya kuponda, maharage mabichi aliyoyahifadhi mwenyewe kwenye chupa za kioo, mkate, na jeli ya kijani yenye karoti zilizokwaruzwa ndani. Hiyo jeli inahesabiwa kuwa kachumbari. Nilikula, sitasema zaidi.

Kila bakuli alilibandika chini kipande cha utepe wa gundi wa karatasi, akaandika jina la ukoo kwa kalamu nzito. Nikamuuliza kwa nini, maana vinaenda kwa watu wake mwenyewe. Akasema mkono umeshazoea. Vyombo vya huku vinatembea: msibani, kanisani, kwa jirani aliyejifungua. Na kikirudi, akasema, hakirudi kitupu.

Nikacheka mpaka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwetu ukirudisha bakuli la jirani likiwa tupu, unasemwa.

Tulipanga chakula kwenye mlango wa nyuma wa pikapu katikati ya mabua. Kombaini, mashine ya kuvunia, ikasimama, wakashuka wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Walikula dakika kumi na tano, wamesimama. Yeye alikula mwisho, kilichobaki, kama mama zetu.

Mkwe alinipandisha kwenye kombaini mzunguko mmoja. Ndani kuna kiti kama cha ndege na skrini inayoonyesha mavuno papo hapo. Wanapima kwa busheli. Ya mahindi ni kilo 25 na kidogo, yaani debe letu moja na nyongeza. Shamba lile lilikuwa linatoa karibu busheli 200 kwa eka. Nilitoa simu nikapiga hesabu mara mbili: gunia 50 za kilo mia, kwa eka moja. Kwetu anayepata gunia ishirini tunampeleka maonyesho ya Nane Nane. Lakini nilipouliza bei, busheli ilikuwa chini kidogo ya dola 4, na mzee alisema hapo hairudishi hata gharama ya mbolea na kodi ya ardhi aliyokodi. Uso wake ulikuwa ule ule wa baba yangu mdogo akitoka kuuza kwa walanguzi.

Jumapili, 6 Oktoba: kanisa, halafu ugali

Kanisa lao ni la Kilutheri, jeupe, katikati ya makaburi na mahindi. Watu kama arobaini, wengi wazee. Sisi wa Iringa tumezoea wageni wa Kilutheri kutoka Minnesota wanaokuja na Bega kwa Bega, ule ushirikiano wa Walutheri wa kwao na wa kwetu, kwa hiyo sikuwa mgeni wa nyimbo, ila sikuzoea ibada inayoisha ndani ya saa moja. Niliulizwa mara saba kama nimeipenda Iowa na mara moja kama nina koti zito. Aliyeuliza la koti alilivua lake akanipa, nikaondoka nalo.

Mdogo wangu alifika na familia saa saba. Sanduku likafika nalo, siku ya tatu, dereva akiwa amezunguka njia panda nne kabla ya kupiga simu.

Jioni nikasema napika ugali. Hapo ndipo nilipogundua kichekesho: ghala la bati uani lina mahindi ya kulisha kijiji changu mwaka mzima, na jikoni hakuna unga hata kikombe. Mahindi yale ni ya nguruwe na ya kutengenezea mafuta ya magari. Unga wa sembe wa kula ananunua dukani, pakiti ndogo, na duka liko maili kumi na moja. Tukaenda. Tukarudi na unga wa njano, wa chengachenga.

Ugali ulitoka wa dhahabu, ukigoma kushikana. Nikampigia Mama kwa video. Iringa ilikuwa usiku wa manane lakini alikuwa amekesha akingoja. Akautazama ule ugali kwenye skrini, akanyamaza, akasema: "Hiyo si yanga?"

Wasomaji wadogo hamjui. Mwaka 1974 kulipokuwa na njaa, serikali iliagiza mahindi kutoka nje, na yaliyokuja yalikuwa ya njano. Watu wakayaita yanga, kwa rangi ya klabu. Mama alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni, akipanga foleni tangu alfajiri kwa kilo chache za unga ule. Mpaka leo akiona mahindi ya njano anasema yananuka foleni. Nikatafsiri. Bibi akaacha uma. Mwaka 1974, akasema, na yeye alikuwa na mtoto wa kwanza, akimwacha chini ya mti mwisho wa mstari huku akipalilia soya kwa jembe. Dawa za magugu hazikuwa kama za leo, walipita mstari kwa mstari.

Mama akaniuliza, "Anasema amelima kwa jembe? Yeye mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. "Muulize jembe la mpini mrefu au mfupi." Mrefu. Mama akatikisa kichwa. "Basi mgongo wake umepona."

Ugali ulibaki. Asubuhi nilimkuta Bibi ameukata vipande, anaukaanga kwa siagi, anaumwagia asali ya utomvu wa miti ya huko. Mama yake alikuwa akiwafanyia hivyo, ila wao walikuwa na jina lingine. Kiporo ni kiporo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kufua, kuanua, kupeleka chakula shambani, kulala.

Jumanne, 8 Oktoba: Eldon, na daftari la mayai

Mvua kidogo ilisimamisha kombaini, akanipeleka Eldon. Ni mji mdogo karibu na Ottumwa wenye nyumba moja maarufu kuliko mji wenyewe: ya mbao nyeupe, ya miaka ya 1881 na 1882, yenye dirisha la juu lililochongoka kama la kanisa. Mchoraji Grant Wood aliiona mwaka 1930, akaichora, akawachora mbele yake mwanaume mwenye uma wa shambani na mwanamke mwenye uso mkavu. Mtaukumbuka mkiuona mchoro, umefanyiwa utani duniani kote. Waliokaa wachorwe hawakuwa wakulima: mwanamke ni Nan, dada yake mchoraji, na mwanaume ni daktari wao wa meno. Picha ilipotoka magazetini wake za wakulima wa Iowa walikasirika, wakaona wamefanyiwa dhihaka.

Ukifika usilipe mtu yeyote kwa ajili ya mavazi. Kwenye kituo cha wageni wanakuazima bure aproni, koti na uma, unasimama, mnapigana picha. Mimi nilivaa. Bibi alikataa katakata. "Aproni nimeivaa miaka hamsini na hakuna aliyenipiga picha," akasema, akanipiga yeye. Nimekatwa nusu ya kichwa.

Njiani kurudi nikamuuliza kama na yeye aliuona mchoro ule ni dhihaka. Hakunijibu. Tulipofika alishuka chini, kwenye chumba cha ardhini chenye friza mbili na rafu za chupa, akapanda na boksi la viatu.

Ndani mlikuwa na madaftari madogo, majalada yamekuwa kahawia, kingo zimelika. Ya mama mkwe wake. Kila ukurasa ni penseli: tarehe, dazeni za mayai, senti. Siku nyingine kuna mstari wa pili: sukari, viatu vya mtoto, kitambaa. Ukurasa mmoja mayai yamepungua nusu na pembeni kumeandikwa neno moja, "mbweha". Fedha za mayai na malai ndizo zilizolisha nyumba. Za mahindi zilikwenda kwenye deni na mashine.

Mama mkwe huyo alifiwa na mume mwaka 1975. Kwa sheria ya kodi ya urithi ya wakati ule, shamba lote lilihesabiwa kuwa jasho la marehemu, labda mjane athibitishe fedha alizochangia yeye. Miaka thelathini na tano ya kukamua, kulisha, kuvuna na kupika haikuwa fedha. Mwanasheria akamwambia alete ushahidi. Akaleta madaftari ya mayai. Sheria hiyo ilikuja kubadilishwa, na kwa sheria ya 1981 kinachokwenda kwa mwenza hakitozwi. Nilikaa na lile boksi mapajani nikiwakumbuka shangazi zangu wawili ambao na wao waliulizwa na ukoo, matanga hayajaanuliwa, "Wewe ulichangia nini hapa?" Wao hawakuwa na daftari.

Bibi alijifunza. Vitabu vyote vya hesabu vya shamba ameviandika yeye, kwenye meza ileile ya kulia. Ndiye aliyejua kwanza kwamba mambo yanaharibika. Mwaka 1981 eka ya shamba Iowa ilikuwa kwa wastani dola 2,147. Mwaka 1986 ikawa 787. Waliokopa kwa dhamana ya ardhi, riba juu, ardhi chini, walinadiwa. Alimtajia mzee kiasi cha deni usiku mmoja akiwa anakausha vyombo, kesho yake akaenda mjini kuomba kazi ya kupika shuleni. Akapika huko miaka 22. Mshahara ulikuwa mdogo, akasema, alichofuata ni bima ya afya ya familia. Saa kumi na nusu anaamka hadi leo kwa sababu hiyo, na shule alishastaafu.

Mikono yake niliiangalia hapo, ikifunga boksi. Kidole cha kati cha kulia hakikunji. Lango la banda la nguruwe, 1979.

Jumatano 9 hadi Jumamosi 12 Oktoba

Mavuno yakaendelea, na mimi nikapandishwa cheo kutoka mgeni kuwa mwosha vyombo. Kitenge kimoja kilinitia presha. Bibi aliuliza kama anaweza kukikata, anashona mablanketi ya viraka kwa kila mjukuu. Kukata doti! Nikampigia Mama akiwa sokoni. "Akate. Nilimpa, sikumwazima."

Ijumaa tulikwenda Des Moines kwa mdogo wangu, mwendo wa saa moja na nusu. Kuna maduka ya Waafrika huko, na Kiswahili cha Wakongo na Warundi unakisikia ukiwa bado mlangoni. Mama mmoja wa Bukavu alinipimia unga mweupe, akanirudishia chenji, akasema, "Dada, huo wa njano uwachie nguruwe." Usinunue dagaa pale kama una namna nyingine; bei yake nikiibadilisha kwa shilingi naumwa.

Jumapili, 13 Oktoba: kuondoka

Treni ya kurudi Chicago hupita Ottumwa saa tatu asubuhi. Bibi alinipeleka mwenyewe, akakosa ibada, jambo ambalo mdogo wangu anasema hajaliona. Kwenye jukwaa akanipa ndoo nyeupe ya plastiki ya aiskrimu, ya mpini, yenye mfuniko: mikate ya nyama, biskuti za shayiri, matufaha mawili, na chupa ya maharage mabichi aliyonionya nisiibebe mkononi kwenye ndege. Hakunikumbatia kwanza. Aliangalia kama mfuniko umefunga.

Matufaha nilimpa mtoto aliyekuwa akilia kiti cha mbele. Biskuti zilifika Chicago. Ndoo niliisafirisha ndani ya sanduku, nikiwa nimejaza soksi ndani yake.

Iringa, wiki moja baadaye

Mama aliuliza kuhusu mikono kabla sijavua viatu. Nikamweleza kidole. Nikamweleza jembe, daftari la mayai, shule, saa kumi na nusu. Alikuwa anaigeuza ile ndoo, akaikuta karatasi ya gundi chini ina jina la ukoo kwa kalamu nzito. Akauliza imeandikwa nini. Nikamsomea.

Hajaibandua. Kwa sasa ndani ya ndoo kuna mbegu za maharage, ila amesema ni za muda tu. Mdogo wangu anakuja Desemba na Mama anataka ile ndoo irudi naye. Anachouliza kila siku akinipigia simu ni kitu gani kingine, mbali na chai, kinachopita pale uwanja wa ndege.